Mama kaacha dripu, anakunywa majani ya mstafeli

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, naishi Makorora, nina miaka 34 na ndiye mtoto wa kwanza wa mama yangu. Mama ana miaka 58. Mwaka huu, siku chache baada ya Idi, alishika kivimbe kwenye titi la kushoto wakati anaoga. Tukahangaika, akachukuliwa kipande kidogo cha nyama ya titi kikapimwe, majibu yakatoka kuwa ni saratani, hatua ya pili. Daktari alisema haijasambaa mwilini. Akapangiwa dripu za kemo kila baada ya siku 21, na baadaye operesheni.

Dripu ya kwanza ilimtesa. Alitapika siku tatu mfululizo, na wiki ya tatu nywele zikaanza kubaki kwenye mto. Hapo ndipo mjomba alipoingia. Alituletea mtu anayejiita mtaalamu wa tiba lishe, akatuuzia programu ya siku 40 kwa shilingi 380,000. Mama hali sukari, chumvi, nyama, samaki, mayai, maziwa, maharage wala ugali. Anakunywa juisi ya karoti na majani ya mstafeli yaliyochemshwa, jagi zima asubuhi na jagi jioni, pamoja na kijiko cha unga wa mbegu chungu wanaouita vitamini B17. Mara mbili kwa wiki anaingizwa maji ya kahawa kwa nyuma, wanasema ni kusafisha ini. Tumeelezwa kwamba sukari ndiyo chakula cha saratani, ukiinyima inakufa njaa, na kwamba kemo ni sumu ya kutajirisha watu.

Dripu ya pili imeshampita wiki nne. Uzito umetoka kilo 71 hadi 60 kwa miezi miwili.

Linalonichanganya, Shangazi, ni kwamba mama mwenyewe anasema hajambo. Hatapiki, usingizi anapata, anatania wajukuu. Mjomba ananiuliza, huoni dawa inafanya kazi? Lakini juzi alikuwa anafua, na bangili zake mbili za fedha, alizovishwa siku ya harusi, ambazo miaka yote hazitoki mpaka kwa sabuni, ziliteleza zenyewe zikaanguka kwenye beseni. Mama akacheka. Mimi nikaingia ndani nikalia.

Sitaki kumvunjia mjomba heshima, ndiye aliyetulea baba alipofariki. Wala sisemi majani hayafai, bibi yangu alikuwa mganga na ametibu wengi. Niambie ukweli: hizi tiba za chakula zina faida gani na hatari gani? Na nianzie wapi?

Mtoto wa Kwanza, Tanga

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana, wewe na mama.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama kwenye zile bangili. Zimenitisha kuliko jagi. Kilo 11 kutoka kwenye 71 ni zaidi ya sehemu moja ya saba ya mwili wake. Saratani yenyewe ina tabia ya kumaliza misuli ya mgonjwa. Ukiiongezea mfungo usio na samaki, yai wala maharage, mwili unaanza kujila. Na mama ana safari mbele yake. Kipimo cha kemo hupigwa hesabu kwa urefu na uzito, damu inatakiwa ijijenge kati ya dripu na dripu, na kidonda cha operesheni hakifungi vizuri kwa mtu aliyekosa protini. Mgonjwa aliyekonda hivyo mara nyingi huahirishiwa dripu au hupunguziwa kipimo. Hata programu hiyo ingekuwa haina kitu kibaya ndani yake, tayari inamnyang'anya mama nguvu za kuhimili tiba.

Sasa kwa nini anasema hajambo? Hili ndilo linalowapoteza watu wengi, kwa hiyo nilieleze taratibu. Kemo hupiga seli zinazojigawa haraka: za saratani, na kwa bahati mbaya pia za nywele, za utumbo na zile zinazotengeneza damu. Seli zetu nzima nyingi hujirudisha ndani ya wiki mbili tatu, ndiyo maana dripu zikapangwa kwa siku 21. Mtu yeyote akiiruka dripu ya pili, ikifika wiki ya tano au ya sita atalala usingizi na atatania wajukuu, awe amekunywa majani ya mstafeli au maji ya mtungi. Anachokihisi mama ni makali ya kemo yakiondoka. Seli za saratani zilizosalia nazo zimepata nafasi ya kupumua. Na uvimbe wa titi wa hatua ya pili aghalabu hauumi, kwa hiyo kutouma kwake kusiwape moyo.

Umeuliza faida na hatari. Chakula kinachokwenda pamoja na tiba ya hospitali kina faida kubwa, nitaifikia. Chakula kilichowekwa mahali pa tiba ni jambo jingine, na limeshapimwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliwafuatilia wagonjwa 281 waliochagua tiba mbadala peke yake, saratani zao zikiwa bado hazijasambaa, wakawalinganisha na 560 waliopata matibabu ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Kwa jumla walioacha hospitali walikuwa katika hatari ya kufa mara mbili na nusu ya wenzao. Kwa saratani ya titi peke yake, hatari ilikuwa zaidi ya mara tano. Ni kweli watu hao walijichagulia wenyewe, hawakupigiwa kura ya nani aende wapi, na utafiti wa namna hiyo una udhaifu wake. Lakini tofauti ya mara tano, kwa ugonjwa ule ule wa mama yako, siwezi kuipita kimya.

Upo utafiti mwingine unaofanana zaidi na programu mliyouziwa. Ulichapishwa mwaka 2010 na ulihusu saratani ya kongosho. Wagonjwa 55 walichagua: wengine kemo, wengine mpango wa vyakula, juisi, vidonge vya vimeng'enya na maji ya kahawa. Wa kemo, nusu yao walivuka miezi 14. Wa mpango wa chakula, nusu yao walikuwa wamefariki kabla ya kutimiza miezi mitano.

Na mpango huo si mpya kama mnavyoambiwa. Asili yake ni Max Gerson, daktari wa Kijerumani aliyehamia Marekani miaka ya 1930, ambaye aliwapa wagonjwa juisi glasi 13 kwa siku, akawaondolea chumvi na kuwaingizia kahawa. Taasisi ya saratani ya serikali ya Marekani iliyapitia mafaili ya wagonjwa wake mwaka 1947 na tena mwaka 1959, na haikuona faida. Naamini alikuwa na nia njema, kama mjomba wako.

Mambo mawili naomba yakome leo hii, kabla hujamaliza hata kubishana na mtu.

La kwanza ni unga wa mbegu chungu. Jina la vitamini limebandikwa tu, si vitamini. Ndani yake mna kitu kinaitwa amigdalini, ambacho kikifika tumboni hutoa sianidi. Wewe ni mtu wa Tanga, huhitaji mwalimu wa kukueleza sianidi: ndiyo sumu ya muhogo mchungu, inayotufanya tuuloweke na kuuanika kabla ya kuugusa. Hakuna mama wa pwani atakayempa mtoto muhogo mchungu mbichi kwa kijiko asubuhi na jioni. Dawa hiyo ilijaribiwa kwa wagonjwa 178 Marekani, matokeo yakatolewa mwaka 1982. Haikuponya wala haikuzuia saratani isikue, na wapo waliokutwa na sianidi kwenye damu kwa kiwango cha kutisha. Mama akilalamika kizunguzungu, kichwa kuuma, kuchanganyikiwa au kupumua kwa shida, msisubiri kukuche, mpelekeni hospitali, na hicho kikopo mwende nacho.

La pili ni kahawa ya nyuma. Ini halisafishwi kwa njia hiyo. Kinachotokea ni kwamba chumvichumvi za damu, hasa potasiamu, zinavurugika, na moyo hutegemea hizo kupiga sawasawa. Watu wamekufa kwa jambo hilo, na wengine wameunguzwa utumbo au kupata maambukizi. Kwa mtu aliyeondolewa chumvi na huku akinywa majagi ya juisi, hatari inazidi.

Majani ya mstafeli nayo yaacheni. Ni kweli kwamba maji yake huua seli za saratani kwenye vyombo vya maabara, lakini humo hata siki itaziua. Hakuna utafiti kwa watu ulioonyesha yanaponya. Kwenye kisiwa cha Guadeloupe, ambako watu hula sana stafeli na kunywa chai ya majani yake, madaktari waliripoti mwaka 1999 kwamba wagonjwa wengi wenye kutetemeka na kukakamaa kwa namna ya ajabu walikuwa watumiaji wake. Kuna kemikali ndani ya mti huo inayodhuru seli za ubongo. Mama akitamani stafeli lililoiva siku moja moja, mpeni ale. Nazungumzia jagi la majani kila siku.

Kuhusu sukari, maneno ya mjomba yana chembe ya ukweli. Mjerumani Otto Warburg, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1931, aliona kwamba seli za saratani hutumia sukari nyingi kuliko nyingine. Lakini ubongo na moyo vinaitumia pia, na ukiacha kuila, ini huitengeneza lenyewe kwa kuvunja misuli. Saratani hailali njaa. Anayelala njaa ni mama, na misuli iliyovunjwa ndiyo iliyoziangusha bangili kwenye beseni. Soda kila siku haina maana kwa yeyote, hapo tuko pamoja. Uji wenye kijiko cha sukari haumlishi adui.

Umeniambia bibi yako alikuwa mganga, na nimefurahi umelitaja, maana sitaki uchague kati ya bibi yako na daktari. Lile ua dogo jeupe au la waridi lenye petali tano, linaloota kando ya kuta zetu na makaburini bila kumwagiliwa, lililotoka Madagaska, limetoa dawa mbili za saratani, mojawapo ikitibu saratani ya damu kwa watoto. Dawa nyingine ya dripu inayotumika sana kwa saratani ya titi ilipatikana kwenye gamba la mti wa Marekani. Miti ina dawa. Ila zilichujwa, zikapimwa kwa watu, ikajulikana gramu ngapi zinaponya na ngapi zinaua. Hapo hapo Tanga, tangu miaka ya 1990, waganga na madaktari wa hospitali ya Bombo wamewahi kushirikiana kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI, na mganga aliyepeleka mgonjwa hospitali hakupungukiwa kitu. Nakumbuka pia mwaka 2011, foleni za magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa dawa ya miti shamba, kikombe shilingi 500. Kunywa kikombe hakukuwa shida kubwa. Walioumia ni waliorudi nyumbani wakaacha dawa zao za VVU.

Sasa chakula, ambako mna kazi kubwa ya kufanya. Mtu wa kilo 60 aliye kwenye kemo anahitaji kama gramu 70 hadi 90 za protini kwa siku. Yai moja lina gramu sita hivi, kwa hiyo unaona hesabu hiyo haifikiwi kwa karoti. Mpikie kibua au changu kwa tui la nazi. Dagaa wakavu waondoe vichwa, wakaange kidogo bila mafuta, wasage, uwe unachota kijiko kikubwa kimoja kwenye mchuzi au kwenye mbaazi. Uji wa ulezi utie karanga zilizosagwa, uziteue kwanza kwa mkono punje kwa punje, yenye ukungu itupe, maana ukungu wa karanga nao huleta saratani ya ini. Maziwa yachemshwe. Matunda na kachumbari vioshwe kwa maji safi ya kutiririka, kwa sababu baada ya dripu kinga inashuka. Joto la mwili likifika 38, ni hospitali siku hiyo hiyo, hata iwe usiku.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Kwa mgonjwa wa kemo nakuomba umwulize. Ulimi unabadilika: jana alitaka samaki, leo harufu yake inamtapisha, kila kitu kina ladha ya chuma. Jaribu kijiko cha plastiki badala ya cha bati, mkamulie ndimu, mpe maji ya ukwaju kabla ya kula. Mpe kidogo kidogo mara sita, si sahani moja ya kujaa. Chai ya tangawizi husaidia kichefuchefu kidogo. Asali ni nzuri, na kwa wanaopigwa mionzi ya kichwa na shingo imeonekana kupunguza vidonda vya mdomo. Manjano ndani ya sufuria haina neno. Vidonge vya manjano na vya vitamini za kiwango kikubwa visiingie mwilini bila daktari kujua. Kitu kimoja cha Muheza nakitaja makusudi: balungi. Hubadilisha namna ini linavyoshughulikia dawa nyingi, nyingine zikapanda kwenye damu kupita kiasi. Machungwa ya kawaida hayana shida hiyo, ya balungi mkaulize kwanza.

Kuna jambo barua yako imelipita haraka, na nadhani ndilo lililomtoa mama kwenye tiba. Alitapika siku tatu. Je, kuna mtu aliyerudi kumwambia daktari? Kutapika kiasi hicho si lazima. Zipo dawa za kuzuia, hupewa kabla ya dripu na siku zinazofuata, na zikishindwa huongezwa au hubadilishwa. Mama huenda hakuikataa kemo, alizikataa zile siku tatu. Mwambie pia kwamba nywele huota tena baada ya dripu kwisha. Kwa mwanamke si jambo dogo, usimwambie ni nywele tu.

Kwa mjomba, nenda na heshima yako yote, na usiende kushinda. Amemwona dada yake akitapika, akakimbilia alichokijua. Mwambie: "Mjomba, nakuomba uende na mama hospitali, wewe ndiye mkubwa wetu, ukaulize yote unayoyahofia." Mpe kazi ya kuuliza: dripu zimebaki ngapi, uvimbe ukipungua itakuwaje, tiba hii inaponya au inapunguza, na kuchelewa wiki nne kumeharibu kiasi gani. Mtu akiuliza mwenyewe akajibiwa usoni husikia kuliko akihubiriwa na mpwa wake. Na mafunzo aliyolelewa nayo mama, kwamba hakuna ugonjwa uliokosa dawa, ndiyo hayo hayo yanayotuamuru tujitibu. Habbat sauda na dua haviombi dripu iondoke.

Zile 380,000 zimekwenda. Msimalize siku 40 kwa sababu ya kuzionea uchungu.

Anzia hapa: wiki hii mpelekeni Bombo akapimwe potasiamu, figo, ini na wingi wa damu. Mkitoka hapo rudini alikoanzia dripu, mkiwa na kikopo cha unga, majani yenyewe na karatasi uliyoandika kila alichokunywa na tangu lini. Msifiche chochote kwa aibu. Daktari asiyejua atapanga dripu juu ya mwili wenye vitu asivyovihesabu. Na kama mama, baada ya kuelezwa yote kwa lugha anayoielewa, bado atasema hataki, mwili ni wake na nyinyi mtabaki kumlisha na kumpenda. Lakini aamue akijua, si kwa sababu ya zile siku tatu.

Wewe ni fundi, una tepu shingoni kutwa nzima. Kila Jumatatu asubuhi mpime mama mkono wa juu, katikati ya bega na kiwiko, na umpime uzito kwa mzani ule ule. Andika kwenye daftari lako la vipimo vya wateja, ukurasa wake peke yake, uende nalo kila kliniki. Ukishapata vipimo vya Jumatatu nne, niandikie nivione.

Shangazi